Mwonjaji

Miaka kumi na tatu nilikula kwa kutema.
Vikombe vitano kwa kila sampuli, kijiko kifupi chenye tumbo pana,
nafyonza kwa kishindo kama mtu asiyefunzwa adabu,
nazungusha mdomoni, natema ndooni,
kisha naandika neno: tamu. Chachu. Nzito. Udongo.
Neno langu likishuka, kuna mtu huko Uru ambaye sitamwona
atakayerudi nyumbani na mfuko mwepesi wa sukari.

Niliacha mwezi wa sita, ukungu umelala hadi sokoni Kiboriloni.
Sababu naitaja kulingana na anayeuliza.
Kwa mama mkwe: wagonjwa hawaishi, kazi haitakosekana.
Kwa Ndelilio, usiku, taa imezimwa:
nilimwosha baba siku tisa za mwisho wake
na mikono yangu ikakataa kurudi kwenye vikombe.

Kwa sisi wenye shahada nyingine, kozi ni ya mkato:
miaka minne imekunjwa kama shuka, ikatiwa ndani ya miezi ishirini.
Asubuhi mifupa, mchana dawa, jioni mifupa tena,
na usiku nagawa miligramu kwa kilo
nyuma ya daftari la Manka wa darasa la tano.
Ndiye anayenisahihisha. "Mama, umesahau nukta."
Nukta moja tu,
na mtoto wa mtu anapewa dawa mara kumi.

Darasani wananiita Mama Kahawa.
Wanasoma huku wanatafuna karanga,
neva kumi na mbili za kichwa wanazitaja kama kikosi cha Jumamosi.
Mtihani wa kwanza nilipata arobaini na nane.
Nilijifungia chooni na sare yangu nyeupe,
iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe,
nikahesabu vigae.
Sista Aikaruwa akagonga mlango:
"Ukimaliza kulia, kitanda cha sita kinataka kugeuzwa."

Kitanda cha sita, mzee Elirehema Mlay.
Kidonda cha kisigino; sukari imekula nyama.
Nilipofungua bandeji pua yangu ilitangulia:
utamu uliooza, tunda lililosahauliwa ndani ya pipa.
Mezani kwetu hiyo ilikuwa dosari, unakata alama, unapita.
Hapa hupiti.
Hapa unainama zaidi.

Ili asisikie maumivu akanisimulia kahawa yake,
miche ya babu yake, migomba iliyoitilia kivuli,
na mwaka aliposhusha magunia kumi na moja,
kila tunda jekundu, limechumwa moja moja,
wakampa daraja la chini.
"Eti ina udongo. Udongo! Wewe dada, umeshaonja udongo?"

Nimeuonja. Magunia yake siyakumbuki.
Vikombe vilikuwa mia mbili kwa siku.
Huenda mwandiko ulikuwa wangu, huenda wa Ndosi wa meza ya pili.
Maji ya chumvi yalichuruzika kwenye beseni
nami sikusema kitu.
Nilisafisha kutoka katikati kwenda nje,
chachi mpya kila mzunguko.
"Taratibu basi," akasema, "humwagilii kitalu."

Kwenye faili, harufu ina visanduku viwili: ipo, haipo.
Nikatia alama kwenye ipo. Nikaona haitoshi.
Nikaandika urefu, kina, rangi ya kingo,
na kwamba uji hali bila limau,
na kwamba mguu wa kushoto anauficha mwanawe akija,
nikaandika hadi ukingoni, karatasi ikaniishia.

Saa kumi alfajiri.
Kahawa ya zamu ya usiku imechemshwa mara tatu,
ina moshi, ina sufuria,
na chini kabisa, ndiyo, ina udongo.

Naimeza.