Saa Tatu ya Chengo

Chengo aliandika kwa kalamu ya kukatakata:
"Kontena imetoka getini, saa 3."
Basi. Asubuhi au usiku, hakusema.
Karani akapiga 03:00, akaenda zake kunywa chai.

Mimi niko Shimanzi, orofa ya pili, feni imekufa,
mbele yangu safu elfu kumi na moja za tarehe
ambazo bado si tarehe.
Ni maandishi tu; jina la samaki halinuki.
Naambiwa nizifanye wakati.

04/03 ya Santos ni Machi.
04/03 ya Houston ni Aprili.
Ikija 13/03 mashine hupiga ukelele:
mwezi wa kumi na tatu haupo!
Lakini zile siku kumi na mbili za mwanzo
huzimeza kimya, kama mgeni aliyetafuna pilipili
na bado asema chakula kitamu.
Hizo ndizo zilizotuuma.
Mchele wa Bi Zuhura Mselem ulishuka tarehe tatu Aprili,
ukasomwa nne Machi,
ukatoka tano Aprili.
Siku mbili juani, mwezi na siku moja kwenye karatasi.
Akalipishwa karatasi.

Nampigia Chengo. Tatu gani?
"Ya asubuhi, bwana! Usiku saa tatu
mimi niko Mishomoroni, nimelala."
Naongeza sita: tatu imekuwa tisa.
Seva, iliyoko sijui nchi gani, yataka saa ya dunia nzima.
Natoa tatu: tisa imekuwa sita.
Tatu, tisa, sita,
na lori ni lile lile,
na vumbi lake la Miritini halijabadilika rangi.

Jioni fomu ya bima yaniuliza: ulizaliwa lini?
Mama huapa ni Jumatano,
usiku, saa nne, mvua ikipiga mabati ya zahanati.
Kadi yasema Jumanne, 22:00.
Wala hawagombani. Kwa mama
Jumatano iliingia na adhana ya magharibi,
nikaikuta ishakaa.

Nimepekua orodha ya kanda za saa:
Nairobi imo, Mogadishu imo,
hata visiwa nisivyoweza kuvitamka vimo.
Ya mama haimo.

Kisanduku hicho nimekiacha maandishi.