Shingo ya Mzizi

Umri wake husomwa shingoni.
Kila mwaka shina hufa, huacha kovu,
na kovu juu ya kovu ndiyo kalenda yake.
Mai Chou alinifundisha siku ya kwanza,
ukucha wake ukipanda makovu kama ngazi:
moja, mbili, tatu, nne. Tayari.
Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza
mzizi anauita yeye,
maana una miguu, una mikono,
na mmoja juzi ulikuwa na kitovu.

Oktoba, nje kidogo ya Wausau, Wisconsin.
Miaka minne jinsengi imelala chini ya kivuli cha kununua,
kitambaa cheusi juu ya nguzo, ekari hadi ekari.
Sasa kitambaa kimekunjwa.
Trekta ya Zastrow inatangulia ikipindua tuta,
sisi nyuma, tumeinama,
vidole vimekufa ganzi, navihesabu kwa macho.
Usivunje mkono.
Mkono ukivunjika, bei nayo imevunjika.

Bandani kunanuka udongo, karoti,
na uchungu unaobaki kooni mpaka Jumapili.
Mirefu, laini, ya kupendeza macho,
hiyo husagwa unga.
Mifupi, iliyojikunja, yenye paji la uso la mkopeshaji,
ndiyo hupanda ndege.
Sikuwahi kuona makunyanzi yakiuzwa ghali.

Zastrow si msemaji. Alisema hili tu,
akifuta miwani kwa ncha ya shati:
ardhi ikishazaa jinsengi, basi.
Ipe mahindi, itakurudishia. Ipe viazi, sawa.
Ipe jinsengi tena, hata baada ya miaka thelathini,
itaozea chini ingali kama kidole cha mtoto.
Baba yake alimaliza upande wa mto.
Yeye amemaliza kilima.
Limebaki shamba la nyuma ya nyumba,
ambako kamba ya kuanikia ya marehemu mkewe
bado imefungwa, na vibanio vitatu.
Kila jioni analipima kwa hatua,
kisha anaingia ndani.

Mama alipiga simu kutoka Mpwapwa.
Mwili umechoka, anasema, uchovu usio na kazi.
Kijana wa dawa za Kichina amemuuzia pakiti
kwa bei ya beberu.
Beberu mzima?
Mzima, na kamba yake.
Nikamwambia anisomee kilichoandikwa.
Akatafuta miwani, akatafuta mwanga.
Picha ya mzizi, alisema, umekaa kama mtu aliyenuna.
Maandishi ya Kichina. Chini yake herufi ndogo:
Dabliyu. Ai. Esi. Sii...
Nikamalizia mimi zilizobaki.

Umejuaje?
Nimesimama juu yake, mama.

Akanyamaza, salio likiliwa.
Kwa hiyo mmeing'oa huko, ikaenda China, ndiyo ikaja kwangu?
Huenda.
Basi imetembea kuliko wewe.

Nilimuuliza Mai Chou namna ya kuipika.
Aliweka ndoo chini, akafikiri kwa mikono:
vipande vyembamba, moto wa kunong'ona.
Ya huku inapoza, si ile inayochemsha damu.
Na asiyamwage yale maji ya kwanza
akadhani imekwisha.
Aongeze mengine. Inakubali mara ya pili.
Hata ya tatu, mpaka mzizi uwe mweupe,
hauna tena la kusema,
hapo autafune.

Nikampa mama kama nilivyopewa.
Mara ya pili inakubali? aliuliza,
mtu aliyetoa beberu.
Inakubali, nikasema.

Dirishani giza lilikuwa limeshika kilima.
Zastrow alikuwa nyuma ya nyumba,
akihesabu, akipita chini ya ile kamba,
akiinamisha kichwa
ingawa haimfikii.