Daftari la Ng'ombe wa Kumi na Moja

Nilimnunua Nizwa, Ijumaa, jua halijapanda ukuta wa ngome.
Mbavu zake zilihesabika kama meno ya kitana.
Mwenyewe, bedui wa upande wa Adam, alitaka mia mbili tisini na tano,
akaapa kwamba ng'ombe ni mpole,
na papo hapo ng'ombe akamkanyaga.
Nikamwambia: ukaidi nao una bei, punguza.
Akashusha riali tano, anachechemea.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, walisema wa kale.
Huyu nundu ilimwelemea. Ililala upande
kama kofia ya mlevi.

Shamba langu ni mitende thelathini na mmoja,
majaruba manne ya gati,
na zamu ya falaji ya nusu saa, ambayo jirani huiibia dakika.
Nikamlisha gati, tende zilizodondoka, dagaa wakavu wa gunia
mpaka pumzi yake ikanuka pwani
huku milimani, mbali na bahari.

Na nikimkamua, nasema.
Sijui kukamua kimya. Mama alikuwa hivyo hivyo, huko Wete,
na mimi sikurithi kiwanja wala karafuu, nimerithi kusema na ng'ombe:
*Haya bibi we, toa mguu. Pole. Nani kakuudhi?
Tulia, tulia, dunia haiendi popote.*

Mjukuu wangu Muhenna anajua maneno mawili ya Kiswahili,
chai na viatu.
Mengine hunijibu kwa Kiarabu, macho kwenye simu.
Ng'ombe alinijibu kwa masikio.
Wiki ya kwanza, gilasi moja ya maziwa.
Wiki ya tano, ndoo, na povu juu.

Siku ya arobaini na mbili tukarudi sokoni.
Muhenna kashika kamba, anamzungusha,
wanunuzi wamechuchumaa duara, fimbo mapajani.
Mzunguko wa pili ng'ombe akaniona.
Akasimama mbele yangu, tii, kama mdeni aliyekutana na mwenye duka.
Muhenna avute, wapi. Watu wakacheka.
Nikamnong'oneza: *Nenda, bibi we, usiniaibishe.*
Akaenda.
Mia tatu na arobaini. Hamsini. Sitini na tano.
Suwailim wa Bahla akafunga kwa sabini na mbili,
akahesabu noti kwa kidole alicholowesha ulimi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, basi andika:
gati, thelathini na moja. Dagaa, kumi na mbili.
Pikapu, kwenda na kurudi, kumi.
Daktari wa mifugo, sita. Dalali, tano.
Faida: riali kumi na nane.
Alfajiri arobaini na mbili sikuzitia. Ningezitia ningelia.

Usiku wa tatu, baada ya Isha, simu.
Suwailim. Ndoo imepigwa teke mara nne,
mkewe kavimba goti.
"Mama, ulikuwa ukimwambia nini huyu?"
Nikamwambia.
"Ngoja," akasema, "nitafute kalamu."
Akaandika kwa herufi za Kiarabu, akanisomea,
nikamsahihisha, akasoma tena, mtu mzima na ndevu zake
anajifunza *toa mguu* kama mtoto wa chuoni.
Kiarabu hakina *p*. Pole ikawa *bole*.
Nikamwambia hapana, midomo, funga midomo, pasua.
*Bole*, akasema. *Bole*.
Nikamwachia.

Asubuhi akapiga tena, nyuma yake nasikia maziwa yakigonga bati.
Ng'ombe kaikubali bole.

Nilicheka mpaka Muhenna akatoka chumbani.
Akauliza, kwa Kiarabu, bole ni nini.
Nikatafuta kwenye daftari pa kuliandika hilo,
kwenye mapato au kwenye gharama,
sikupaona.
Ilikuwa Ijumaa, pikapu inapiga honi nje.
Nikamwambia: viatu.
Akaenda kuvaa.