Pimamaji

Bikoni ya kumi na saba wameisimika
juu ya vilima vya mchanga, hapa Shela,
pale mvua inapozama polepole
hadi ije iwe chai yetu.

Bango lasema: vyumba arubaini, bwawa la kuogelea.
Halisemi maji ya bwawa yatatoka wapi.

Mimi Lali Shee, mwashi,
nimetia kidole kwenye pingamizi.
Karani akauliza: hii saini, au lipu?
Mwanakheri akacheka, kisha akasimama
akasoma, kisima baada ya kisima:
cha msikitini, kitamu bado;
cha kwa Bi Zena, nusu kwa nusu;
cha kwetu,
wali hautaki tena chumvi.

Afisa wa ardhi akapiga muhuri: IMEPOKEWA.
Saa tano na robo. Akatafuta kofia yake.

Usiku mnyapara kanipigia simu.
Fundi, msingi twaanza Jumatatu,
elfu mbili kwa siku, chakula juu yetu.
Nikamwambia mtandao mbaya, sikusikii.

Karo ya Famau haijalipwa.
Nimekaa kizingitini, pimamaji mkononi,
nakitazama kile kipovu:
chaenda kwa Mwanakheri, charudi kwa mnyapara,
na mkono ni wangu mwenyewe
unaotikisika.