Kipimajoto cha Bwana Joost

Kipo barazani, Raskazone,
kimepigiliwa msumari jirani na mlango wa jikoni.
Kila siku, saa nane mchana,
Bwana Joost huvaa miwani, hukikodolea macho,
huandika namba kwenye daftari la kijani.
Mwaka wa kumi na moja huu.
"Thelathini na nne, Mwanakombo!"
huniambia, kana kwamba nimelipika mimi.

Jumapili huja wenzake:
Bi Marit aliyepanga kule Sahare,
na yule Mbelgiji wa mkonge, jina silijui,
namjua kwa jasho analoacha kwenye kiti.
Huagiza ndimu na barafu,
huzungumza habari mbili tu,
joto letu na taka zetu.

Kiswahili chao kizuri, nisiwasingizie.
Bi Marit hulitamka neno "mazingira"
taratibu, kama avukaye tope na viatu vyeupe.
Anasema alipofika usiku alijifunika shuka,
sasa shuka hulichovya majini ndipo alale.
Hapo nampa haki yake.
Nasi Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
watoto nawalaza sakafuni,
na bati linaalika hadi saa tano
likijaribu kupoa.

Siku hiyo Mbelgiji akashusha glasi,
akatazama ufukwe, akasema:
"Watu hawa hawazioni taka."

Nilikuwa nyuma yake na jagi.

Hatuzioni.
Chupa ya maji naijua toka ng'ambo ya barabara,
kilo shilingi mia tatu, kifuniko mbali.
Ndala ya mguu mmoja haina mnunuzi.
Kamba ya nailoni okota, ina kazi.
Nepi pita nayo mbali.
Kwa macho haya yasiyoona
Shekue amefika darasa la tano.
Na sherehe ya kuzaliwa ya Bi Marit,
chupa mia na kumi na mbili,
wageni wakinywa nusu, wakisahau ipi ya nani,
wakifungua nyingine:
kilo mbili na robo. Nilipima.

Sikusema. Nilimimina.

Wala nisijitakase.
Huyo huyo Shekue alikula barafu ya ukwaju,
mfuko akauachia mtaroni mbele yangu,
nami nikageuza uso, nimechoka.
Masika yakaja, mtaro ukatudai.

Dada yangu Mwanasiti kipimajoto chake ni ugoko.
Aliingia bahari ya Mwambani kukagua mwani,
akatoka mbio: "Maji yanachoma!"
Wiki haikuisha, mwani umepauka,
unanyonyoka kambani kama nywele za mgonjwa.
Hakuandika popote.
Sasa anakaanga chipsi.

Mwezi wa tatu Bwana Joost akafungasha.
"Joto hili silimudu tena," akasema,
anarudi kwao, ambako nako, kumbe,
watu wameanza kupigania feni.
Tanga, waja leo waondoka leo.
Chupa tu ndizo hazijasikia msemo huo.

Aliniachia sufuria tatu, pasi,
na daftari la kijani.
Karatasi kilo shilingi mia. Nikaliweka mizanini,
halafu nikalifungua.
Siku elfu nne. Namba, namba,
na pembeni mara nyingine neno moja: taka.
Taka tena. Taka.
Na ukurasa mmoja, nilipokuwa na homa:
"33. Mwanakombo hakuja."

Mwanasiti akafuta mafuta vidoleni,
akauliza kama siku ya mwani wake imo.
Tukaitafuta, kidole kikishuka mstari kwa mstari.
Imo. Thelathini na tano na nukta mbili.
Akaitazama muda mrefu
kama anayetazama picha ya marehemu
iliyopigwa na mtu asiyemjua.

Kipimajoto kilibaki ukutani, msumari umeshika kutu.
Nafagia nyumba tupu nikingoja mpangaji.
Saa nane ikafika.
Nikaweka ufagio chini, nikachungulia.