Mstari wa Arobaini

Kamati ya diwani imefika Tongoni saa nne,
soda zikiwa bado na ubaridi.
Mtendaji anafunua daftari la ruzuku:
kaya mia na sita,
alama za dole gumba, wino wa zambarau,
kila mstari umelipwa.

Zahanati wamehesabu maboksi ya mseto,
wakapima mtoto mmoja, wakapiga picha.

Mwantumu, mhudumu wa afya, hayumo kwenye ratiba.
Ndiye anayeweka kidole mstari wa arobaini:
"Huyu Bi Mwanashehe nilimwosha mimi, mfunguo tano.
Mwezi uliopita katia dole vipi?"

Kalamu inasimama.
Diwani anaomba maji.

Barazani, mjukuu wa marehemu,
kadi ya kliniki mkononi,
hajaulizwa bado jina lake.