Nundu Moja, Nundu Mbili

Khodad, saa nane usiku. Antena thelathini
zimeinamia kusini kama wachungulia kisima.
Vaijayanti Kolhe anakunywa chai iliyopoa
na kuhesabu: mapigo kumi na moja kwa sekunde,
nyota iliyokufa, isiyoacha shughuli zake.

Kwenye redio ni nundu moja, imechongoka kama mwiba.
Masafa ya juu hutangulia; ya chini
huja yakikokota miguu,
yamekawilishwa na elektroni zilizotapakaa njiani.
Huyasubiri. Huyarudisha kwenye mstari,
kama karani wa posta anayejua
kila kifurushi kilikwama wapi.

Kisha anafungua faili la setilaiti: miale ya gama.
Nyota ile ile, mzunguko ule ule,
na nundu ni mbili,
wala hakuna inayosimama pale iliposimama ya redio.
Kwa mwanga wa macho ni mbili pia, zimesogeleana.
Kwa eksirei, mwenye kuhesabu na ahesabu.

“Ipi ndiyo yenyewe?” aliuliza mwaka wa kwanza.
Profesa Deodhar alipangusa chaki kwenye suruali:
kila wimbi huzaliwa kwa kimo chake,
likaelekea linakojua.

Akaandika. Akafaulu mtihani.

Mpaka siku ya kumi na tatu ya msiba, Narayangaon,
Sudhakar alipowaigizia wageni mwendo wa baba:
ta-tap, ta-tap, mguu na gongo.
“Sivyo,” alisema Vaijayanti. “Ilikuwa tap. Tap. Tap.”
Nusura wagombane juu ya sinia za wali.
Mama hakuinua macho kwenye vitunguu.
“Huyu alilala chumba kimoja naye.
Wewe ulilala nyuma ya ukuta wa mawe.
Ukuta ulipitisha gongo tu.”
Kisu kikatua. “Mimi hiyo miguu
sikuwahi kuisikia. Nilisikia pumzi.”

Pikipiki inapita barabara ya mizabibu;
cheche zake zinachafua kioo.
Anazifuta moja moja, kama mtu achambuaye mchele.
Chini yake mwiba bado upo,
kumi na moja, kumi na moja.

Katika daftari la zamu anaandika:
*Redio, nundu moja, kutoka upande huu wa ukuta.*
Anayatazama. Anayakata maneno matano ya mwisho,
maana daftari ni la serikali.
Lakini anayakata kwa mstari mmoja, mwembamba,
unaosomeka chini yake.